CAT Scale: mizani ya kulipia ambayo dereva wa trela la boksi hapaswi kuipita

Katika huduma zote anazouziwa dereva wa lori akiwa barabarani nchini Marekani, iwe maegesho ya kulipia, bafu, uoshaji wa trela au programu za simu za kumwonyesha njia, iliyonifaa kuliko zote tangu nianze kuvuta trela la boksi la futi 53 katika safari za kanda ni mizani ya CAT Scale. Ninaiandikia tathmini hii wenzangu wanaoingia katika kazi hii, hasa wanaozunguka Illinois, Indiana, Ohio na Kentucky na kurudi nyumbani mwisho wa wiki, kwa sababu nimeona wengi wao wanaihesabu mizani hii kuwa gharama ya kuepukwa kila mara karani wa ghala anapowaambia kwamba mzigo uko sawa. Kwa maoni yangu, neno la karani halitoshi, na nitaeleza sababu zake.

CAT Scale ni kampuni binafsi iliyoanza mwaka 1977, ambayo makao yake yako Walcott, Iowa, pembeni ya barabara kuu ya I-80, mji uleule wenye kituo kikubwa cha malori cha Iowa 80. Mwanzilishi wake, Bill Moon, alijenga huduma ambayo leo ipo katika vituo vya malori vya karibu kila jimbo, ikiwemo vya Pilot, Flying J, Love's, TA na Petro. Bango lake jeusi na la njano linaonekana kutoka mbali, na katika njia ninazopita mara nyingi, yaani I-65 kati ya Louisville na Indianapolis na I-70 kuelekea Columbus, si rahisi kwenda mbali bila kulikuta. Kupima mara ya kwanza hugharimu chini ya dola 20, na ukirudia kwenye mizani ileile ndani ya saa 24 unalipa sehemu ndogo tu ya bei hiyo.

Ili thamani ya huduma hii ieleweke, ni lazima kwanza ieleweke hali ya dereva wa boksi. Anayevuta trela la wazi huona chuma au mbao zilivyopangwa, na anaweza kukataa upangaji asioupenda kabla hajafunga minyororo. Sisi huegesha kwenye mlango wa ghala, tukasubiri taa nyekundu igeuke kijani, tukapewa hati ya mzigo na trela lililokwisha kupigwa lakiri. Mara nyingi hatupakiwi hata mbele ya macho yetu, bali tunaacha trela tupu na kuchukua jingine lililopakiwa usiku. Kanuni za shirikisho humtaka dereva aukague mzigo kabla ya kuondoka na aukague tena ndani ya maili 50 za kwanza, lakini humwondolea wajibu huo pale trela linapokuwa limepigwa lakiri na ameagizwa asilifungue. Uzito, hata hivyo, hauna msamaha wa namna hiyo. Afisa wa jimbo anayekukuta na uzito uliozidi humwandikia hati ya kosa aliyeshika usukani, wala hamwiti karani wa ghala. Kwa hiyo tunawajibika kwa kitu ambacho hatuna ruhusa ya kukitazama, na njia pekee ya kukijua ni kukipima.

Mipaka yenyewe haina utata. Katika barabara kuu za shirikisho, gari zima pamoja na mzigo halipaswi kuvuka pauni 80,000. Jozi ya ekseli, iwe ya kichwa cha lori au ya trela, isivuke pauni 34,000, na ekseli ya usukani katika malori mengi imetengenezwa kubeba takriban pauni 12,000. Ukijumlisha 12,000 za usukani na 34,000 za kila moja ya jozi mbili unapata pauni 80,000 kamili, na hapo ndipo ugumu wa kazi yetu unapoonekana, kwa sababu mzigo mzito hauna nafasi ya kukosea mahali popote. Mtu anaweza kuwa chini ya ukomo wa jumla na bado akawa na kosa kwenye jozi moja ya ekseli.

Nitatoa mfano wa mzigo wa aina ninayoufahamu vizuri, maji ya chupa. Kipo kiwanda ambacho wapakiaji wake hubana paleti zote mbele, mpaka kwenye ukuta wa trela, na kuacha futi kadhaa tupu karibu na milango. Hati ya mzigo haikosei hata pauni, na karani husema ukweli anaposema kwamba jumla iko ndani ya sheria. Lakini karatasi ya mizani husoma hivi: ekseli ya usukani pauni 11,860, ekseli za kuvutia (jozi ya nyuma ya kichwa cha lori) 34,920, ekseli za trela 32,180, jumla 78,960. Dereva aliyeamini hati peke yake anaondoka akiwa amezidisha pauni 920 kwenye ekseli za kuvutia, na hatajua mpaka afike kwenye kituo cha ukaguzi cha jimbo. Aliyepima anarekebisha kwa dakika chache, kwa kuzisogeza ekseli za trela kwenye reli yenye matundu ambayo hufungwa kwa pini. Matundu ya reli iliyo chini ya trela yakiwa na nafasi ya inchi 4 kati ya moja na jingine, kila tundu huhamisha takriban pauni 250, na yakiwa na nafasi ya inchi 6 huhamisha takriban pauni 400. Katika mfano huu, kuzisogeza ekseli za trela mbele matundu manne ya inchi 4 kunaondoa karibu pauni 1,000 kwenye ekseli za kuvutia na kuzipeleka nyuma, ambako bado kulikuwa na nafasi. Ukipima tena utapata takriban 33,920 na 33,180, na hapo unaweza kwenda.

Kwa wanaoanza, ni vizuri kusisitiza mwelekeo, maana hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Ekseli za trela zikisogea mbele hubeba uzito zaidi na kuzipunguzia za kuvutia. Zikirudi nyuma, uzito hukimbilia kwenye kichwa cha lori. Ili kuzisogeza mbele, unavuta breki za trela, unavuta mkono wa kufungulia pini, unashuka kuhakikisha kwamba pini zote nne zimeingia ndani, kisha unarudisha kichwa nyuma taratibu ili boksi lirudi huku ekseli zikibaki mahali pake. Mwishoni unazifunga pini na kuvuta kidogo mbele kuhakikisha zimeshika. Wakati wa baridi, chumvi inayomwagwa barabarani huzifanya pini zishike kutu, na nyundo inakuwa chombo cha lazima. Kumbuka pia kwamba ekseli zilizosogezwa mbele huacha mkia mrefu, na mkia huo hupepea upande unapokata kona kwenye maegesho yaliyobanana.

Sasa nirudi kwenye huduma yenyewe. Ubora wa kwanza wa mizani hii ni kwamba lori zima linapimwa kwa pamoja. Majukwaa yake yamegawanywa ili tairi za usukani zikae kwenye jukwaa moja, ekseli za kuvutia kwenye la pili na ekseli za trela kwenye la tatu, na karatasi inayotoka huonyesha kila kundi peke yake pamoja na jumla. Ipo tofauti kubwa kati ya hili na mizani ndogo za maghala ya nafaka au viwanda vya zamani, ambako unalazimika kusogeza lori sehemu kwa sehemu na kutoa tarakimu moja kutoka kwa nyingine, jambo linalozaa makosa hasa pale ardhi inapokuwa na mteremko. Mizani za namna hiyo zinaweza kukupa picha, na baadhi ni za bure, ila sizitegemei mzigo unapokaribia pauni 80,000. Nasema hivyohivyo kuhusu kipimo cha hewa ya springi kilichomo ndani ya kichwa cha lori. Ukikizoea kitakuonyesha mapema kwamba ekseli za kuvutia zimelemewa, lakini hakikuambii lolote la uhakika kuhusu trela, na hakuna afisa atakayekipokea kama ushahidi.

Ubora wa pili, ambao kwangu ndio unaoitenga CAT Scale na wengine, ni dhamana. Kampuni inatamka kwamba ikiwa mizani yake imeonyesha uko ndani ya sheria, kisha jimbo likakutoza faini ya uzito, itaikagua mizani hiyo mara moja, na ama italipa faini hiyo au itamtuma mwakilishi wake mahakamani kuwa shahidi wako. Dhamana hii si maneno ya bango tu, lakini ina masharti ambayo dereva anapaswa kuyasoma kabla hajayahitaji. Unatakiwa uombe tarehe ya mahakama badala ya kukiri na kulipa papo hapo, uwapigie simu bila kuchelewa, urudi kwenye mizani ileile upimwe tena, na uwatumie nakala ya hati ya kosa pamoja na karatasi ya mizani. Dereva aliyetupa karatasi yake, au aliyepima kisha akajaza mafuta na kubadili uzito, hana cha kudai, na sidhani ni haki kuilaumu kampuni kwa hilo.

Suala la mafuta linahitaji maelezo kidogo. Galoni 100 za dizeli zina uzito wa takriban pauni 700, na karibu uzito wote huo hukaa kwenye kichwa cha lori, ukigawanyika kati ya ekseli ya usukani na za kuvutia. Ukipima ukiwa na tangi lililokaribia kuisha, kisha ukaenda kwenye pampu na kujaza, karatasi uliyonayo ni ya lori ambalo halipo tena. Kwa kuwa mizani nyingi ziko palepale kwenye kituo cha mafuta, utaratibu ninaoupendekeza ni kujaza kwanza na kupima baadaye. Mzigo ukiwa mzito kupita kiasi unaweza kununua mafuta nusu tangi ili jumla ibaki chini, na katika safari za kanda, ambako umbali kati ya vituo si mkubwa, hilo halina hasara.

Kuhusu jinsi huduma inavyotolewa, njia ya zamani ni kupanda kwenye majukwaa, kushusha kioo, kubonyeza kitufe kilichowekwa kwenye nguzo kwa kimo cha dirisha la lori, na kuzungumza na mhudumu kupitia kipaza sauti. Anakuuliza kama ni mara ya kwanza au ni kurudia, jina la kampuni na namba ya lori, kisha unaliondoa lori mizanini na kuingia ndani kulipa na kuchukua karatasi. Njia hii inafanya kazi, lakini upepo ukivuma na injini ikinguruma sauti ile husikika kwa shida, na kwa mwenzetu ambaye Kiingereza chake bado kinajengeka, kurudiarudia namba huku malori mengine yakisubiri nyuma ni adha isiyo ya lazima. Programu ya simu ya Weigh My Truck imeliondoa tatizo hilo. Unajaza taarifa zako mara moja, unapofika unapima kwa kugusa skrini, unalipia humohumo, na uzito unakuja kwenye simu ukiwa bado umekaa kwenye kiti. Naipendekeza bila kusita. Kumbukumbu za vipimo vyako hubaki ndani yake, na kampuni nyingi zinazorudisha gharama ya mizani zinahitaji risiti, ambayo sasa huwezi kuipoteza.

Kumbukumbu hizo zina faida ya pekee kwa dereva wa kanda. Anayezunguka nchi nzima anaweza kupakia kwenye ghala fulani mara moja maishani, lakini sisi huwarudia wateja walewale, na kila ghala lina tabia yake ya kupakia. Baada ya muda unajua kwamba wale wa karatasi za viwandani husambaza marobota vizuri, na wale wa vinywaji hubana mbele, hivyo unazipanga ekseli za trela kabla hujaondoka kwenye uwanja wao, na unapofika mizanini unapima mara moja tu. Natamani kila kocha wa madereva wapya angewafundisha kuandika pembeni ya kila kipimo jina la ghala, uzito wa hati na tundu la reli lililotumika.

Upungufu upo, na wa kwanza unahusu mahali. Mizani ziko kwenye vituo vya malori kando ya barabara kuu, ilhali maghala mengi yako ndani ya miji na mitaa ya viwanda, kwa hiyo kuna maili kadhaa za kuendesha bila kujua. Ikibainika kwamba jumla imevuka pauni 80,000, hakuna tundu la reli litakalokusaidia, na ni lazima urudi kwa mwenye mzigo akapunguze. Muda huo unakatwa kwenye saa zako 14 za kazi, ambazo zikishaanza kuhesabiwa hazisimami kwa ajili ya foleni wala mapumziko mafupi, na kwa wengi wetu tunaolipwa kwa maili, muda huo hauna malipo. Siku ya Ijumaa, kurudi ghalani na kungoja mlango kunaweza kukunyima usiku mmoja wa kulala nyumbani. Gharama hiyo ni halisi, na ninaelewa kwa nini mtu huvutika kuondoka tu. Hata hivyo, jimbo likikukamata unaweza kuzuiwa kuendelea mpaka mzigo upunguzwe au upangwe upya, na hapo usiku wa kulala nyumbani umekwenda pamoja na faini.

Upungufu wa pili ni wa kimaumbile, na hakuna mizani ya namna hii inayoweza kuuondoa. Karatasi haikuambii kama upande wa kushoto umebeba kuliko wa kulia, wala kama paleti zimefungwa vizuri zisisogee ukikanyaga breki ghafla. Haikuambii pia kama ekseli za trela zimekaa umbali unaoruhusiwa kutoka kwenye pini inayoliunganisha trela na kichwa cha lori. California, kwa mfano, hairuhusu zaidi ya futi 40 kutoka kwenye pini hiyo hadi katikati ya ekseli ya nyuma kabisa, na majimbo mengine yana vipimo vyake. Dereva aliyesawazisha uzito kwa kuzirudisha ekseli nyuma kabisa anaweza kuwa na karatasi safi ya mizani na kosa la urefu kwa wakati mmoja. Kabla ya kuvuka mpaka wa jimbo usilolizoea, uliza ofisini kwenu au soma kanuni za jimbo hilo.

Lipo pia jambo la adabu kati yetu madereva, ambalo huathiri huduma hii kuliko bei yake. Mizani ni mlango mmoja unaotumiwa na wote. Mtu anayekaa juu ya majukwaa akisoma karatasi, akipiga simu ofisini au akianza kusogeza ekseli palepale, anawafungia njia watu wanaohesabu dakika zao. Ukishapata uzito, ondoka, egesha pembeni, fanya marekebisho, kisha urudi kwenye foleni.

Je, kila mzigo upimwe? Sioni haja. Trela lililojaa vitafunio vya mahindi au taulo za karatasi linajaa nafasi kabla ya kujaa uzito, na mzigo wa pauni 20,000 uliosambazwa sawasawa haukupeleki popote karibu na ukomo. Kwa lori langu, ambalo likiwa tupu pamoja na trela lina uzito wa takriban pauni 34,000, ninapima kila mzigo ambao hati yake inavuka pauni 35,000, na ninapima hata ulio mwepesi zaidi kama unatoka kwenye ghala nisilolijua au kama trela nimelikuta limefungwa tayari. Kwa mizigo ya pauni 43,000 na kuendelea siangalii bei kabisa. Nikiwa kwenye kituo cha kwanza chenye bango la njano baada ya ghala, najaza mafuta, napima, na karatasi naiweka kwenye mfuko wa mlango pamoja na hati ya mzigo mpaka nitakapopakuliwa.